Sinema Isiyochekesha

Tangu jioni ile tulipoonyesha filamu katika ukumbi wa parokia yetu hapa Kisangani, watu wengi wameniuliza swali moja: Je, yafaa Mkristo akae saa mbili gizani kutazama sinema isiyomchekesha, isiyomwimbia, wala isiyomwonyesha adui akipigwa mpaka ashindwe? Swali hili si la kipumbavu. Mtu aliyebeba mizigo sokoni tangu alfajiri ana haki ya kupumzika. Naye akiingia katika kibanda cha video mtaani Mangobo au Kabondo, akaketi juu ya benchi la mbao mbele ya televisheni, anajua atakachokipata: ngumi na mateke ya Wachina, bunduki za Waamerika, au matajiri na wachawi wa Nigeria. Atacheka, atashangilia, atarudi nyumbani na kulala. Kesho yake hakumbuki hata jina la filamu.

Simlaumu. Mimi mwenyewe nazipenda zile filamu za Kichina ambamo mwalimu mzee huwashinda vijana kumi kwa fimbo yake ya kutembelea. Kila mwalimu atanielewa. Lakini ziko filamu za namna nyingine, zilizotengenezwa na watu wachache kwa fedha chache, ambazo hazina haraka ya kumpendeza mtazamaji. Hizo humfuata mtu hadi nyumbani. Nataka kueleza jinsi chache kati yake zilivyonigusa, na kwa nini naendelea kuwaonyesha wanafunzi wangu ingawa wenzangu wengine hawapendi.

Ya kwanza niliiona katika seminari ndogo. Padri aliyetufundisha Kifaransa alitundika shuka jeupe ukutani mwa chumba cha kulia, akatuonyesha filamu ya Kiitalia iitwayo Ladri di biciclette, yaani Wezi wa Baiskeli, iliyotengenezwa na Vittorio De Sica mwaka 1948. Habari yake yaweza kusimuliwa kwa maneno machache. Mjini Roma, baada ya vita kuu, mtu mmoja aliyekaa siku nyingi bila kazi anapata kazi ya kubandika matangazo kutani, lakini sharti awe na baiskeli. Mkewe anatoa mashuka ya vitanda yawekwe rehani ili baiskeli yao ikombolewe. Siku ya kwanza ya kazi, baiskeli inaibwa. Baba na mtoto wake mdogo wanaitafuta mji mzima, sokoni, kanisani, penye mvua na penye jua. Mwishowe baba amekata tamaa. Anajaribu kuiba baiskeli ya mtu mwingine, anakamatwa, anatukanwa mbele ya mtoto wake. Mwenye mali anamwachilia. Mtoto anamshika baba yake mkono, nao wanakwenda zao katikati ya watu. Basi, imekwisha.

Sisi wanafunzi tulikaa kimya tukingoja iendelee. Mmoja akapaza sauti: "Na baiskeli je?" Taa ikawashwa.

Ndugu msomaji, hakuna aliyehitaji kutueleza baiskeli ni kitu gani katika nyumba ya maskini. Siku zile Kisangani ulikuwa mji wa toleka. Vita ilikuwa imekata njia, petroli ilikuwa adimu na ghali, na watu walipanda nyuma ya baiskeli, juu ya kiti kilichoshonewa sponji, wakalipa franka chache na kupelekwa kutoka Makiso hadi Tshopo. Baba na kaka za wengi wetu waliishi kwa kukanyaga toleka. Baba wa rafiki yangu wa bweni alikuwa akiendesha baiskeli ya kukodi, na kila jioni sharti ampelekee mwenyewe hesabu yake, siku iwe njema au mbaya. Rafiki huyo alilia bila kujificha.

Ndipo Padri akatuambia tujadili kama mtu yule alitenda dhambi. Sisi tuliokuwa na katekisimu kichwani tulijibu mara moja kwamba amevunja amri ya saba. Padri akasema, "Vema. Na yule mke aliyetoa mashuka ya kitanda chake, mmemwona?" Kwa kweli hatukuwa tumemwona. Tulimwona mwizi tu. Swali hilo limekaa nami kuliko aljebra yote niliyofundishwa. Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba mwaka 1995, sinema ilipotimiza umri wa miaka 100, Vatikano ilitoa orodha ya filamu 45 zinazostahili heshima, na filamu ile imo.

Nalisema hilo kwa sababu wako waamini wanaodhani kwamba Kanisa limekuwa siku zote adui wa sinema. Sivyo. Papa Pio XI aliandika juu ya sinema mwaka 1936 katika barua yake Vigilanti Cura, na Pio XII akaandika tena mwaka 1957 katika Miranda Prorsus, akiyaunganisha mambo ya sinema, redio na televisheni. Yeye hakuridhika na kukataza zilizo mbaya tu. Alitaka Wakristo, na vijana hasa, wafundishwe kutazama. Na hapa Kongo mapadri walikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kushika kazi hiyo. Padri Alexandre Van den Heuvel wa shirika la Scheut alitengeneza filamu huko Léopoldville. Padri Albert Van Haelst, wa shirika lilo hilo, alitengeneza Kasayi michezo ya Matamata na Pilipili, mmoja mnene na mwenzake mwembamba, na babu zetu waliicheka sana.

Lakini ni haki kusema ukweli wote. Wakati ule serikali ya Wabelgiji haikuruhusu watu weusi kutazama filamu ambazo Wazungu walizitazama, isipokuwa zile zilizochaguliwa kwa ajili yao. Iliogopa wasije wakaona Mzungu akiiba, akilewa, au akipigwa. Na filamu zilizotengenezwa kwa ajili yao zilitanguliza fundisho, hadithi ikafuata nyuma kama mtoto anayeburutwa kwenda shule. Pilipili hutenda upumbavu, huadhibiwa, watazamaji huenda nyumbani wakijua lisilofaa kutendwa. Hakuna aliyewauliza wao wangependa kuonyesha nini.

Hata mji wetu wenyewe umewahi kuonekana katika sinema za mbali pasipo sisi kusema neno. Mwaka 1951 John Huston alikuja na watu wake katika mto Ruiki, upande wa Ponthierville ambayo leo ni Ubundu, akapiga picha za The African Queen pamoja na Humphrey Bogart na Katharine Hepburn. Mwaka 1958 Fred Zinnemann alikuja Stanleyville, kama Kisangani ulivyoitwa hadi mwaka 1966, kwa ajili ya The Nun's Story, naye mtawa akawa Audrey Hepburn. (Majina yao yafanana, lakini hawakuwa ndugu.) Hiyo ya pili nimeitazama mara mbili, na ni filamu nzito; yaonyesha mtawa anayependa kazi ya hospitali kwa moyo wote huku utii ukimshinda kidogo kidogo, wala haimchezei shere mtu yeyote. Mzee mmoja wa parokia yetu hupenda kuitazama kwa ajili ya kuuona mto na miti tu. Watu wa mji wetu wamo, wanapita, wanatabasamu, wanabeba. Majina yao hatuyasikii.

Basi sasa niingie katika lile lililonifanya nishike kalamu. Yuko mwana wa Kisangani anayeitwa Dieudo Hamadi, aliyezaliwa hapa mwaka 1984, akaanza masomo ya uganga kabla ya kushika kamera. Filamu zake hazina mchezaji wa kulipwa wala hadithi ya kubuni. Huwafuata watu halisi kwa siku nyingi, miezi hata, wala yeye mwenyewe hasemi. Mtazamaji aliyezoea sauti ya kumwambia huyu ni mwema na yule ni mbaya, ataisikiliza bure.

Ile iitwayo Examen d'État, ya mwaka 2014, yaonyesha wanafunzi wa mji wetu wanaojitayarisha kwa Mtihani wa Serikali. Wanafukuzwa darasani kwa kuwa wazazi wao hawajalipa ile fedha ya kuwaongezea walimu mshahara. Wanakodi nyumba, wanaishi humo pamoja, wanasoma usiku na kuandika kutani. Siku zinapokaribia, wanatafuta msaada kila mahali: wengine kwa mhubiri anayeziombea kalamu zao, wengine kwa watu wanaouza majibu ya mtihani. Kisha matokeo yanatoka, na wanaofaulu wanajimwagia unga mweupe na kukimbia barabarani, kama desturi yetu ilivyo.

Niliwaonyesha walimu wenzangu filamu hii kabla ya kuwaonyesha wanafunzi. Hawakufurahi. Mmoja alisema, "Mwenzetu ametuvua nguo mbele ya Wazungu." Mwingine, mtu mpole asiyependa ugomvi, alikaa akitazama sakafu, kisha akasema polepole kwamba ameishi kwa fedha ile ya wazazi miaka 14, na ya kwamba isingalikuwa hiyo, watoto wake wasingalisoma.

Mimi nilisikia joto usoni, sikatai. Ni jambo gumu kwa mwalimu kukaa gizani na kumtazama mwalimu akiwatoa watoto nje mmoja mmoja, karatasi ya majina mkononi. Lakini nilipofika nyumbani niliona kwamba filamu haikusema uongo hata mara moja. Mambo yale hutendeka mchana, mbele ya watu wote. Kama aibu iko, haikuletwa na kamera. Tangu Septemba 2019 Serikali imetangaza kwamba shule za msingi ni za bure. Lakini sekondari wazazi bado wanalipa, na orodha ya majina bado inasomwa.

Hata hivyo nina neno moja dhidi ya Hamadi. Ametuingiza katika nyumba ya wanafunzi, tukaona wanavyolala na wanavyokula. Hakutuingiza katika nyumba ya mwalimu. Laiti angalimfuata jioni moja, akamwona akirudi kwa miguu, akimpa mkewe ile fedha, nao wawili wakiihesabu mezani mara ya pili kana kwamba itaongezeka! Hapo filamu ingalikuwa nzito zaidi, kwa maana tusingalijua tena tumchukie nani. De Sica alilijua jambo hilo: yule anayemwibia baskeli maskini ni maskini pia, na filamu yatuingiza hadi katika chumba chake.

Wanafunzi nao waliiona wiki iliyofuata. Walicheka sana penye mhubiri na kalamu, maana wanayajua. Lakini kijana mmoja wa nyuma aliinua mkono akauliza: "Mwalimu, hawa wamenunua majibu, na mwenye filamu hakuwakemea. Kwa nini?" Nilimwuliza kama yeye alihitaji kukemewa ili ajue kwamba ni uovu. Akasema hapana. Kisha akaongeza jambo lililonifunga kinywa: "Lakini Mwalimu, walipofaulu, mimi nilifurahi." Wengine wakasema, "Hata sisi." Nikaona kwamba somo la maadili nililolipanga kwa dakika 10 halikuwa na kazi. Tuliongea hadi saa ya kengele, na msichana mmoja aliyesoma kwa taa ya mafuta mwaka mzima akawaambia wenzake kwa hasira kwamba furaha yao hiyo imemwibia yeye. Hawakusema naye siku mbili. Naamini mtoto huyo hakusahau siku ile, na wao pia.

Juu ya Maman Colonelle, ya mwaka 2017, nitasema kwa kifupi, kwa sababu yastahili makala yake yenyewe. Ni habari ya Honorine Munyole, koloneli wa polisi aliyehamishwa kutoka Bukavu kuja kwetu kuwalinda wanawake na watoto. Anawatoa watoto waliofungiwa na kuteswa kwa kisa cha uchawi, kisha hana mahali pa kuwaweka wala chakula cha kuwapa, na inambidi kuwaomba msaada watu wa mjini. Katika tamasha la Berlin filamu hiyo ilipata tuzo ya baraza la waamuzi wa Kikristo, ambamo Wakatoliki na Waprotestanti hukaa pamoja. Wakatoliki wa hapa waliponisikia nikisema hivyo, wengine walitabasamu wakidhani filamu yawasuta wahubiri wa vikundi vidogo peke yao. Tusijidanganye. Nimewahi kuketi katika mkutano wa familia ya watu wanaokomunika kila Jumapili, na mtoto wa miaka 7 akatajwa kwa jina la mchawi kati ya chai na mkate.

Filamu ambayo tulibishana juu yake katika baraza la parokia ni ile En route pour le milliard. Ilichaguliwa katika orodha ya Cannes mwaka 2020, mwaka ambao tamasha lenyewe halikufanyika kama desturi kwa sababu ya ugonjwa wa Korona.

Vijana wasiojua na wapate kujua. Jumatatu tarehe 5 Juni 2000 majeshi ya Rwanda na ya Uganda, nchi mbili za kigeni, yalianza kupigana ndani ya mji wetu kwa mizinga. Yalipigana siku 6, hadi tarehe 10, mkesha wa Pentekoste. Taarifa ya Umoja wa Mataifa iliyotolewa mwaka 2010 yasema raia waliouawa walikuwa kati ya 244 na 760 kadiri ya habari mbalimbali, waliojeruhiwa zaidi ya 1,000, na nyumba za watu zilizobomolewa zaidi ya 400. Kanisa Kuu la Bikira Maria pia lilipigwa. Mimi nilikuwa mtoto. Nakumbuka kiu kuliko mabomu. Tulilala chini ya vitanda na mto mkubwa kuliko yote ya Afrika ya Kati uko karibu nasi, lakini hakuna aliyethubutu kwenda kuteka.

Filamu yawafuata baadhi ya wale waliopoteza miguu na mikono siku zile. Baada ya kungoja miaka karibu 20 wanaamua kwenda wenyewe Kinshasa kudai fidia yao. Wanapanda mashua ya mbao iliyojaa watu, mizigo na wanyama, wakateremka na mto mwendo wa kilometa zipatazo 1,700. Wanalala palipo na nafasi. Wanagombana juu ya chakula, kama watu wote wanavyogombana. Usiku mvua inakuja na upepo, na wote, wenye mikono miwili na wenye mmoja, wanashika turubai lisichukuliwe. Kule Kinshasa wanasimama mbele ya Bunge na magongo yao, na walinzi wanawasukuma. Milioni nyingi za watu wa mji ule wanapita. Ni siku za uchaguzi wa mwaka 2018, watu wana mambo yao. Filamu yaisha na wao hawajapata kitu. Katikati ya safari tunawaona tena na tena jukwaani, katika mchezo wa kuigiza, wakicheza habari yao wenyewe kwa nyimbo na miili yao.

Katika baraza, katekista wetu mzee, mtu ninayemheshimu kama baba, alipinga. "Mwalimu," alisema, "jeraha lililofunga halichokonolewi kwa kijiti. Wako watu hapa ambao wamesamehe. Ukiwaonyesha haya, watasamehe mara ya pili kwa nguvu gani?" Maneno yake yalikuwa mazito na sikuwa na jibu la haraka. Mama mmoja wa chama cha Bikira Maria ndiye aliyejibu. Alisema, "Mzee wangu, kwa heshima yako. Mimi nimesamehe, lakini sijawahi kuulizwa nimesamehe nini." Padri alingoja kidogo, kisha akatupa ruhusa, ila watoto wadogo wasiwepo.

Jioni ile ukumbi ulijaa hadi madirishani. Jenereta ilizimika mara mbili. Na mwanzoni, yanibidi niliandike ingawa lanichoma, vijana walicheka. Waliona mtu akijivuta sakafuni kwa mikono, wakacheka kile kicheko cha watoto waliozaliwa baada ya vita, ambao wamewaona watu wale maisha yao yote wakiomba karibu na soko na hawakujua walitoka wapi. Wazazi hawakuwakemea. Nilitaka kuisimamisha mashine. Namshukuru Padri aliyenishika bega.

Ilipofika ile mvua juu ya mto, kicheko kilikuwa kimekwisha zamani. Kila mtu wa Kisangani anaijua mvua ile. Wengi wetu tumesafiri kwa mashua kama ile na tumeshika turubai kama lile. Nafikiri hapo ndipo vijana walipoacha kuwatazama vilema, wakaanza kutazama abiria. Kamera haikukaa mbali wala juu. Ililowa pamoja nao. Msanii mgeni, hata awe na moyo mwema, angalituonyesha mateso yao. Huyu alituonyesha pia ugomvi wao, mzaha wao, na yule mwanamke anayejitengeneza nywele ili aingie Kinshasa kama mtu.

Baadaye watu hawakutaka kutoka. Walitaka kujua yaliyofuata, nami niliwaeleza niliyoyajua: kwamba Mahakama ya Kimataifa ya The Hague iliihukumu Uganda mwaka 2005, kwamba tarehe 9 Februari 2022 iliamuru ilipe dola milioni 325 kwa mafungu matano ya milioni 65 kila mwaka, na ndani yake milioni 225 ni kwa ajili ya watu waliouawa na walioumizwa, katika nchi nzima si hapa tu, kwamba Rwanda haikuhukumiwa kwa sababu haikuikubali mamlaka ya mahakama ile, na kwamba mfuko wa Serikali wa kugawa fidia, uliowekwa mwaka 2019, una makao yake papa hapa Kisangani. Mtu mmoja akauliza kutoka gizani, "Na mguu mmoja ni dola ngapi?" Hakuna aliyecheka. Wala mimi sikuwa na hesabu hiyo.

Katekista mzee alikuwapo. Alikaa mstari wa mbele hadi mwisho. Nilimsindikiza kwake na njiani hakuzungumza juu ya filamu, aliniuliza habari za paa la shule. Mlangoni akaniambia, "Bado naona hukufanya vema, Mwalimu. Lakini wale vijana wamenisalimu leo." Ni kweli: walipokuwa wakitoka, wengi walisimama mbele ya wazee na kuwasalimu kwa kuinama. Sijui walikuwa wakimsalimu nani ndani ya mioyo yao.

Wasomaji wengine wataniuliza kama ninawashauri waonyeshe filamu hii katika parokia zao. Nawashauri, lakini si kwa haraka. Mtafute kwanza wale waliokuwapo, muwaombe ruhusa nyumbani kwao, wala si kwa tangazo baada ya Misa. Chagueni jioni ambayo kesho yake si siku ya kazi. Na msiwe na hotuba tayari mfukoni. Kwa filamu nyingine zote nasema hivyo hivyo. Nimeona kwamba hotuba ya mwalimu baada ya filamu njema ni kama kumkata mtu maneno anapoanza kukumbuka.

Sisi nyumbani tuna mama mdogo, ndugu wa mama yangu, ambaye ana kipande cha chuma mgongoni tangu Jumatano ya juma lile. Miaka yote hii tulijua kwamba anacho, na kwamba hapendi kuulizwa. Alikuja kwenye ukumbi kwa miguu yake, akaketi karibu na mlango. Siku tatu hakusema kitu. Siku ya nne, nikiwa nasahihisha madaftari ya wanafunzi, aliniuliza kama wale watu wa mashua walilipa nauli kama wengine au walipunguziwa. Nilimjibu kwamba sijui. Akakaa. Kisha akasema, "Mwanangu, chukua daftari moja jipya," akaanza kunitajia majina ya watu wa barabara yetu ya zamani, nyumba kwa nyumba, kuanzia kisimani: nani alikuwa ndani, nani alikuwa ametoka kutafuta maji, nani hakurudi. Jioni ile tuliandika nyumba nne. Watoto wakaingia, akanyamaza. Tunaendelea kila Jumapili baada ya Misa ya pili, na sasa tumefika nyumba ya 11, upande wa kushoto wa barabara. Upande wa kulia hatujauanza.